Namna Nilivyokuwa Mkubwa wa Sekirite

Vijana wanaotaka kazi ya usalama kazini siku hizi huenda shule, hufanya mtihani, hupewa cheti, kisha hutafuta kiwanda. Mimi nilianza na kiwanda, na cheti sijakipata hata leo. Kazi yenyewe niliachiwa, kama mtu anavyoachiwa mbwa na jirani anayesafiri ghafla.

Ilikuwa Kisangani, wakati mji ulikuwa bado unaitwa kwa jina la Mzungu, majuma machache baada ya uhuru. Kiwanda chetu kilikuwa cha mbao, ukingoni mwa mto. Magogo yalifika yakielea, yamefungwa pamoja, yakavutwa juu kwa mnyororo, yakapitishwa kwenye msumeno mkubwa wa mviringo na kutokea upande wa pili yakiwa mbao za kujengea. Mimi mbao sikuzigusa. Nilikuwa msaidizi wa dispensari ya kiwanda, chumba kimoja chenye kiti, spiriti, mkasi na bendeji. Mtu akikatwa, analetwa kwangu, namfunga. Akiwa ameumia sana anapandishwa kwenye kamioneti na kupelekwa hospitali. Kwetu, karibu na Isangi, baba yangu aliwaambia wavuvi wenzake kwamba mwanawe ni daktari, nami sikuona haja ya kumsahihisha.

Usalama ulikuwa mali ya Mzungu mmoja mnene mwenye kofia ngumu nyeupe na filimbi shingoni. Kazi yake, kwa jinsi tulivyoielewa, ilikuwa kutembea na kukasirika. Alibandika ukutani picha ya mtu mweusi anayetabasamu kwa sababu amevaa glavu, na pembeni picha ya mtu huyohuyo analia kwa sababu hakuvaa. Glavu zenyewe zilifungiwa ghalani ili zisiharibike.

Kisha askari wakaasi maofisa wao, na Wazungu wakaanza kukimbilia uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Mkurugenzi alituita uani akagawa vyeo kwa haraka, kama mtu anayegawa vyakula vya nyumba anayoihama. Karani wa mahesabu akawa mkurugenzi. Dereva akawa mkuu wa usafiri, yaani wa kamioneti ileile. Vyeo vilikuwa vingi kuliko watu, na kila aliyekuwa na viatu aliondoka na cheo.

Yule Mzungu wa usalama alinifuata dispensari. Alivua kofia yake akanivika. Ikanishuka hadi masikioni.

"Wewe umezoea damu," aliniambia kwa Kifaransa. "Na hii kazi ni ya damu."

Akanipa na filimbi. Halafu akaniomba vidonge vya kichwa, akavimeza bila maji, akaenda zake. Mafunzo yangu yalikuwa yamekwisha.

Nyumbani, mtaa wa Kabondo, mke wangu aliitazama ile kofia.

"Hiyo sahani ni ya nini?"

"Wamenifanya chef de sécurité. Mkubwa wa sekirite."

Alishusha sauti. "Sekirite ya serikali?"

"Hapana. Ya mbao."

"Mbao iko na sekirite?"

Nilicheka, lakini mtaa haukucheka. Miaka ile sekirite ilikuwa neno la kuogopwa. Ndivyo walivyoitwa wale watu wa serikali waliovaa miwani myeusi, waliokuja na gari kumchukua mtu, na mtu akakawia kurudi au asirudi. Kifaransa kilikuwa na neno moja kwa kazi yao na kazi yangu. Kiswahili nacho hakikunisaidia, maana usalama wa taifa na usalama wa mkono wa mpiga randa ni usalama uleule. Nikipita, mazungumzo ya siasa yaligeuka kuwa mazungumzo ya mvua. Nikiingia kwenye baa, mtu aliinuka kunipisha kiti, kisha akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Bombani wanawake walimwachia mke wangu achote maji kwanza. Alinisihi nisiwaeleze.

Asubuhi moja fundi cherehani wa mtaa alikuja kuniarifu kwamba shemeji yake anasikiliza redio ya upande mwingine. Upande upi hakusema, wala mimi sikuuliza. Nilimshika bega nikamwambia kwa upole, "Papa, haya mambo si yangu. Mimi kazi yangu ni vidole tu."

Alinitazama, akaingiza mikono yote miwili mifukoni, akaondoka mbiombio. Nilichukua muda kuelewa alichokielewa.

Kazini nilivaa kofia, nilipuliza filimbi, nilikasirika. Nilidhani ninafanya kazi. Glavu nilizitoa ghalani siku ya kwanza. Watu wakazipeleka nyumbani, na kwa miezi kadhaa niliziona kwenye mashamba ya mihogo ng'ambo ya mto, zikipalilia.

Kilichonifundisha ni mtu mmoja aliyekuwa akivuta mbao nyuma ya msumeno. Mkurugenzi wetu mpya alitaka mbao zitoke upesi, na lile bati lililofunika meno ya msumeno lilikuwa linazuia magogo manene. Asubuhi moja aliamuru liondolewe, bila mimi kujua. Kabla ya saa sita yule mtu aliletwa kwangu akiwa amebebwa, mkono wa kulia umekatika juu ya kiwiko. Nilimfunga. Nilimfunga vizuri sana, hata daktari wa hospitali alinisifu mbele ya watu. Nami nilirudi kiwandani kwa kamioneti nikiwa na damu kifuani na zile sifa masikioni.

Nilipofika, msumeno ulikuwa unazunguka. Walikuwa wamemwaga unga wa mbao juu ya damu, wakamweka mtu mwingine mahali pa yule, na bati lilikuwa bado limeegemezwa ukutani. Yule mtu mpya alinisalimia.

Sikumbuki nilifikiri nini. Nilikwenda kwenye swichi kubwa nikaishusha. Sauti ya msumeno ikapungua, ikawa mlio, ikawa mluzi, ikaisha. Katika kiwanda cha mbao ukimya ni kitu cha kutisha. Watu walitoka hata chooni kuja kuona.

Wa kwanza kunijia juu alikuwa fundi wa msumeno mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, wa zile familia za Kiislamu zilizokuwepo mjini tangu zamani za biashara ya pembe, na useremala aliurithi kwa babu. Alikuwa na vidole saba, na alivihesabu kama medali.

"Mimi nakata mbao tangu weye uko mutoto," alisema. "Leo unataka kuvalisha mashine yangu nguo?"

"Bati lirudi, papa. Likirudi nawasha."

Akatema mate, akaenda kukaa juu ya gogo akinipa mgongo. Mkurugenzi akatoka ofisini akikimbia, tai imepinda.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Wewe, bwana mkurugenzi. Uliniacha na cheo cha chef."

"Nilikuacha na cheo ili uwe chef, si ili usimamishe kazi!"

Nilisimama mbele ya swichi. Kofia ilikuwa imenishuka, nikaisukuma juu nipate kumwona. Alianza kusema atanifukuza, kisha akakatiza. Niliona kitu kinapita usoni mwake, kilekile nilichokuwa nakiona kwenye nyuso za watu wa Kabondo. Aliangalia kofia yangu, akaangalia lango la kiwanda, akashusha sauti.

"Bon. Kama ni amri imetoka juu..."

Nilitazama juu. Juu hakukuwa na kitu isipokuwa paa. Bati likarudishwa, likafungwa kwa skrubu, nikawasha msumeno. Fundi hakunisemesha kwa muda mrefu baada ya hapo. Lakini bati halikutoka tena, na kuanzia siku hiyo niliacha kupuliza filimbi nikaanza kutazama: mkanda upi umechakaa, sakafu ipi ina utelezi, nani kaja kazini na shati lenye mikono mipana. Mara nyingi nilichukiwa kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuja kujua kwamba hicho ndicho kipimo cha kazi hii.

Hivyo tulifika mwaka wa waasi, wa nne tangu uhuru.

Waliingia mjini mwezi wa nane, wengi wao vijana, matawi mikononi na ngozi za wanyama vichwani, wakijiita Simba. Askari wa serikali walivua sare barabarani wakakimbia na fulana. Siku za kwanza watu walishangilia. Kisha wakaanza kutafutwa makarani, wakubwa wa ofisi, yeyote aliyesemekana kuwa mtu wa serikali. Katika waliouawa walikuwamo ninaowajua, wawili tulisali kanisa moja, na juu yao sina mzaha.

Mimi nilifuatwa asubuhi, nikiwa napiga mswaki. Wapiganaji wawili walisimama uani.

"Weye ndio mukubwa wa sekirite?"

Walikuwa wameuliza mtaani, na mtaa mzima ulijua jibu.

Walinipeleka kiwandani, mke wangu akitufuata nyuma na kanga yake mbiombio, hataki kurudi. Kamanda wao alikuwa amekalia kiti changu cha dispensari, kimetolewa nje. Alikuwa ameshakusanya wafanyakazi uani, kwa kuwa alitaka mbao za kutengenezea madaraja na mabodi ya malori yake. Mkurugenzi alikuwa ametoroka zamani.

"Iko weye mukubwa wa sekirite?" kamanda aliniuliza.

"Ndiyo, mukubwa. Lakini sekirite ya mashine."

"Mashine gani? Ya kusikiliza watu?"

"Ya kukata mbao."

Aliwatazama vijana wake, akanigeukia tena. "Umefunga watu wangapi?"

Nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hujibu lile analolijua. Nilifikiria miaka yangu yote na mkasi wangu.

"Wengi sana, mukubwa," nikasema. "Hata hawahesabiki."

Wafanyakazi waliokuwa karibu nami walisogea mbali. Mmoja wa vijana alisogeza bunduki. Ndipo mke wangu alipopiga kelele.

"Bandeji! Alifunga bandeji! Alifunga vidonda!"

"Nyamaza, mama," kamanda alisema, lakini alikuwa amesita.

Fundi wa msumeno akajitokeza mbele. Tulikuwa hatujapatana vizuri hata siku hiyo. Alinyoosha mikono yake hadi karibu na pua ya kamanda.

"Ona. Hizi tatu zilienda wakati wa Wazungu," alisema. "Hizi saba ziko sababu ya huyu mutu. Ananichokozaka kila siku. Mimi simupendi. Lakini hakukamatisha mutu hata moja."

Kamanda alivitazama vile vidole, mkono mmoja, halafu wa pili. Akaanza kucheka, na vijana wake wakacheka kwa kuwa yeye alicheka.

"Donc serikali ilikuwa na sekirite ya vidole!" alisema akifuta macho. "Bon. Endelea na kazi yako. Lakini mashine ikikufa, na weye unakufa."

Ndivyo nilivyothibitishwa kazini na serikali ya pili. Nilikwenda moja kwa moja kukagua mikanda.

Kamanda aliacha kikosi cha wapiganaji wasaidie kubeba na kuvuta mbao. Hapo nilikutana na shida mpya. Vijana hawa walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa, na waliamini kwamba risasi ikiwafikia hugeuka maji. Dawa ilikuwa na masharti: usiguse mwanamke, usiibe, usimpe mkono mtu asiyenyunyiziwa, usitazame nyuma vitani. Ukivunja moja, dawa inakutoka. Na waliyashika! Nilikuwa nimetumia miaka kuwabembeleza watu wazima wafunge kamba za viatu, na hapa vijana wa mashambani walifuata amri ngumu kuliko zote nilizowahi kutunga, bila picha ukutani, bila filimbi. Nakiri niliwaonea wivu.

Ila msumeno haukuwamo katika masharti. Siku ya pili nilimwona mmoja akipitisha mkono juu ya bati kuokota kipande cha gome, meno yakizunguka karibu na ngozi yake. Nilimvuta kwa mkanda wa suruali.

"Risasi yenyewe inanishinda?" aliniambia kwa mshangao. "Hii chuma itanifanya nini?"

Nilizima mashine nikaenda kumtafuta mganga wao. Alikuwa amepewa banda la kukaushia mbao, akakaa humo na beseni lake la maji na majani. Nilitarajia mzee mwenye macho mekundu. Nikakuta mtu wa rika langu, mwembamba, aliyekuwa akitengeneza baiskeli kule Ubundu kabla ya vita.

"Papa munganga," nikamwambia, "dawa yako ni ya risasi. Je, msumeno?"

Alifikiri kwa haki kabisa. "Kwa musumeno sijajaribu."

"Naomba tusijaribu."

"Unataka nifanye nini?"

"Uongeze sharti. Mutu wa dawa asipitishe mkono kwenye msumeno unaozunguka. Wala asikaribie mkanda."

Nilidhani atakasirika. Badala yake alikunja mguu wa suruali akanionyesha kovu refu kwenye goti.

"Munyororo ya velo," alisema. "Ilikamata suruali kwenye muteremuko. Kitu chenye kuzunguka hakina urafiki." Kisha akaniuliza, kama mtu wa kazi kwa mtu wa kazi, "Na nguo je? Nguo zenye kuning'inia?"

"Nazo, papa. Nazo pia."

Jioni ile aliwapanga wapiganaji akawatangazia masharti mapya: chuma kinachozunguka ni mwiko, mkanda ni mwiko, kitambaa kinachoning'inia karibu na mashine ni mwiko. Kesho yake nilikuta vijana wamejifunga ngozi zao viunoni kwa kamba. Mmoja alipoegemea karibu na mkanda, mwenzake alimpigia kelele kwamba anawaharibia dawa wote. Wafanyakazi wetu wa zamani, ambao hawakunyunyiziwa chochote, nao wakaanza kukaa mbali, kwa tahadhari. Hakuna hata mtu mmoja aliyepoteza ukucha kiwandani kwa muda wote wa waasi. Huo ndio wakati bora kabisa wa usalama niliowahi kuusimamia, na sikuweza kuusimulia popote.

Wale vijana walipelekwa vitani kidogo kidogo, juu ya malori yenye mbao zetu. Mganga aliondoka na kundi la mwisho, beseni limefungwa nyuma. Tulisikia habari kutoka barabarani, nazo zilikuwa mbaya. Yule aliyeokota gome aliniaga kwa kichwa tu, kwa kuwa hakuruhusiwa kunipa mkono. Sikumwona tena, wala mganga sikumwona tena.

Mwezi wa kumi na moja ndege zilijaza anga, askari wa Kizungu waliokuja kuwatoa waasi wakashuka kwa miavuli Simi-Simi. Mimi na mke wangu hatukungoja kujua nani sasa anatafuta wakubwa wa sekirite. Tulipanda mtumbwi tukashuka hadi kwa baba, tukakaa huko tukivua samaki hadi mji ulipotulia. Baba aliwaambia watu kwamba daktari yuko likizo.

Niliporudi, kiwanda kilikuwa na mwenyewe mpya na mkurugenzi mpya, na msumeno ulikuwa mzima. Fundi alinikuta langoni.

"Hawajakuua?"

"Bado."

"Basi kuja uone mkanda," akasema. Huo ndio ukawa upatanisho wetu.

Gogo la kwanza lilipita salama. La pili halikufika mwisho. Kulitokea mlio wa chuma kwa chuma, jino la msumeno likaruka, likapita karibu na sikio la fundi, likajichimbia ukutani. Nilishusha swichi. Tulipopasua gogo kwa shoka tulikuta risasi, imelala ndani ya mti mwekundu kama mbegu. Magogo yalikuwa yakitoka kando ya barabara walikopigana waasi na jeshi, na miti ilikuwa imepigwa pamoja na watu.

Tangu hapo nilianzisha kazi mpya. Kila gogo lililazwa uani, watu wakalipapasa kwa mikono na kulichokoa kwa visu kabla halijafika kwenye msumeno. Risasi tulizotoa niliziweka katika kopo la maziwa dirishani mwa dispensari, ili wafanyakazi waone kwamba sitanii.

Walioziona hawakuwa wafanyakazi tu. Sajini mmoja wa jeshi alikuja na askari wake.

"Tumesikia mukubwa wa sekirite ya hapa anakusanya masasi," alisema. "Masasi ya nani?"

Nilikuwa nimeshaulizwa maswali ya namna hiyo, na safari hii sikujibu haraka. "Ya miti, sajini," nikasema. "Njoo uone."

Nilimpeleka hadi kwenye msumeno. Fundi alikuwa akipasua gogo lililokwisha kukaguliwa, lakini hakuna ukaguzi usiopitwa na kitu. Mbao ilipofunguka tuliona risasi moja, imekatwa nusu bila kuuvunja msumeno, inang'aa kama jino la dhahabu. Sajini alistaajabu. Aliinama, akanyoosha kidole kuigusa, msumeno ukiwa unazunguka.

"Mkono!" nilipiga kelele.

Aliruka nyuma, bastola ikimgonga pajani, akauficha mkono wake kwapani kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Askari wake wawili nao walirudi nyuma. Hakuna aliyecheka. Nilizima mashine.

Sajini alijikohoza, akanyoosha sare. Kisha akatangaza kwamba risasi zote ni mali ya jeshi, akalichukua kopo, akaondoka nalo, likilia kila hatua.

Nilimwomba mke wangu kopo jingine.